Jina Ubavuni mwa Gari

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni Royce hapa, sauti ileile, tumbo lilelile. Leo ni kipindi cha kumbukumbu, na leo nina kazi ngumu kidogo. Natakiwa nimkumbuke mtu bila kumtaja jina.

Msinicheke. Wengi wenu mnajua kwa nini. Ila kwa wale waliooa kwetu, na wale wanaotusikiliza wakiwa mjini Lawton kwenye foleni ya mafuta, nitasema mara moja. Kwa familia hii, mtu akifa, jina lake linapumzika. Halitajwi. Ukilitaja unamwita, ukimwita anageuka nyuma, na huko anakokwenda hatakiwi kugeuka. Wengine wa kabila letu la Wakomanchi tumeshaiacha desturi hiyo. Familia hii haijaiacha. Kwa hiyo nitamwita Kaku, yaani bibi mzaa mama, kama tulivyomwita sote hapa Elm Bend, hata sisi ambao hakuwazaa mama zetu. Na wewe unayetaka kupiga simu, piga. Lakini jina liache huko huko nyumbani.

Kaku alifariki Januari. Figo. Nasema figo kwa sababu ndivyo daktari alivyosema. Mdogo wake, Shangazi Lavena, ana maneno mengine, na tutayasikia.

Kaku alizaliwa hapa hapa, kwenye nyumba ya mbao kando ya kijito, katika ardhi ya babu yake. Baba yake alifuga farasi. Mama yake alikausha nyama kwenye kamba nyuma ya nyumba, na kazi ya Kaku akiwa mtoto ilikuwa kulinda nyama hiyo isiliwe na mbwa. Nilimuuliza Shangazi Lavena: je, aliilinda?

"Aliilinda," akasema. "Kila mbwa alipewa kipande chake, ili wasigombane."

Huyo ndiye Kaku. Alilinda chakula kwa kukigawa.

Akawa mpishi wa shule yetu. Alipika pale mpaka alipostaafu. Kama umesoma Elm Bend, umekula chakula cha mkono wa Kaku. Kulikuwa na mtoto mmoja darasani kwangu, Delmar. Mama yake alifanya kazi mbali, nyumbani kulikuwa na shida. Kila Ijumaa Kaku alimtilia mkate wa kukaanga kwenye mfuko wa koti, wa kula Jumamosi. Koti la Delmar lilikuwa na doa la mafuta mwaka mzima. Tulimwita Mfuko-Moto. Lishikeni jina la Delmar. Bado yuko hai, kwa hiyo lake naruhusiwa kulitaja.

Kaku aliolewa na Harlan, mtu mpole, mrefu kama nguzo ya umeme na mwongeaji kama nguzo ya umeme. Harlan akapata sukari, sukari ikala figo. Akaambiwa aende kliniki mjini kusafishwa damu kwa mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hilo naomba mlikumbuke, wasikilizaji. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ukikosa, damu inachafuka. Ukikosa sana, unakufa. Hakuna maelezo marefu.

Kaku hakujua kuendesha gari. Akajifunza, ana miaka hamsini na kitu, kwenye pikapu ya Harlan. Aligonga sanduku la barua la baba yangu. Akaligonga tena. Baba akatoka nje, akalichomoa na nguzo yake, akalihamishia upande wa pili wa barabara. Kaku akashusha kioo akamwambia, "Asante, jirani. Sasa nitalifikia vizuri nikiwa narudi."

Harlan alipofariki, tulidhani Kaku atapumzika. Wapi! Walikuwepo wengine wenye ugonjwa wa figo. Basi la kaunti halifiki huku, linaishia barabara kuu, na mgonjwa aliyetoka kwenye mashine hawezi kutembea kutoka barabara kuu. Kaku akawa anawabeba. Watu watatu mbele, wamebanana, yeye wa nne anashika usukani. Shangazi Lavena alikuwa mmojawapo. Binamu yao Otis alikuwa mmojawapo. Otis aliniambia, "Royce, kule kliniki nilikuwa siogopi. Mimi nilikuwa naogopa njiani."

Halafu figo za Kaku mwenyewe zikagoma. Macho nayo yakaanza kufifia. Siku moja alikata kona na pikapu pale kwenye daraja la kijito na hakuliona daraja. Alifika nyumbani, akaweka funguo mezani, hakuzigusa tena.

Hapo ndipo alipoanza kuomba gari.

Wasikilizaji wapendwa, nataka mnielewe vizuri. Kaku hakuomba gari lake. Aliomba gari la jumuiya ya Elm Bend, basi dogo la kubeba wagonjwa, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Aliomba kwenye mkutano wa jumuiya, ukumbini kwetu. Na mkutano wetu una sheria yake. Ili kura ipigwe, watu hamsini wawe wamekaa vitini. Wakipungua hamsini, hakuna akidi. Hakuna akidi, hakuna kura.

Sasa nani alikuwa anapika chakula cha mkutano? Kaku. Nyama ya kuchemsha na mahindi, mkate wa kukaanga, jamu ya plamu za porini. Watu walikuja, walijaa, walikula. Halafu ajenda ya kwanza, ajenda ya pili, na wakifika kwenye gari la wagonjwa, nusu ya watu wako kwenye maegesho, wanachokoa meno. Mwenyekiti anahesabu vichwa. "Akidi imevunjika. Tukutane mkutano ujao." Hivyo hivyo, mkutano baada ya mkutano.

Mwenyekiti ni nani? Delmar. Mfuko-Moto mwenyewe.

Kuna mkutano mmoja siusahau. Watu tumefika, tumekaa, tunanusa. Harufu ipo, sahani hazipo. Kaku kaufunga mlango wa jiko, kavuta kiti, kakaa mbele yake na ufunguo kautia kifuani.

Delmar akasema, "Kaku, watu wana njaa."

"Najua. Mimi ndiye niliyepika."

"Basi tufungulie tule, tuanze mkutano."

"Leo kura kwanza, mkate baadaye."

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Jamani, mpeni hilo gari, mkate unapoa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Kaku naye alicheka. Lakini hakuinuka. Na siku ile, wasikilizaji, akidi ilikuwepo. Hakuna aliyetoka hata kwenda chooni. Hoja ikasomwa. Ndipo mtu akanyoosha mkono, akasema kabla ya gari tupigie kwanza kura spika mpya za ngoma ya kiangazi, maana ngoma iko karibu. Tukapiga. Spika zikapita. Halafu Delmar akaangalia kilichobaki, akakohoa, akasema gari lisubiri bajeti ijayo.

Kaku alifungua jiko. Akatugawia chakula, kila mtu sahani yake, hakumpunja mtu. Alipofika kwa Delmar akamwekea vipande viwili vya mkate. Akamwambia, "Kula, mwanangu. Kusubiri kunataka nguvu."

Spika hizo ni nzuri sana. Mmezisikia. Zinasikika mpaka makaburini.

Januari ikaja na barafu. Mnaikumbuka ile barafu. Kila waya ulivaa kioo, barabara zote zikateleza kama sahani. Kaku alikosa mashine Jumanne. Alhamisi mpwa wake, ndiye aliyekuwa akimpeleka, alijaribu kuja, akaingia mtaroni na gari. Jumamosi jua lilitoka, barabara ikafunguka. Mpwa hakuwa na gari tena. Kaku akawapigia watu simu. Huyu yuko kazini kasino. Yule kampeleka mtoto kwenye mpira wa kikapu. Mwingine akasema nakuja, Kaku, nipe kidogo.

Shangazi Lavena alikuwa kalazwa mjini wiki ile. Aliporuhusiwa ndiye aliyemkuta.

"Alikuwa kakaa kwenye kiti cha karibu na mlango," aliniambia. "Koti kalivaa, vifungo vyote kavifunga. Mkoba kaupakata. Royce, dada yangu hakufa kwa figo. Alikufa akisubiri lifti."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyasema kama alivyoyasema.

Kumzika, tulimzika vizuri. Sisi kwa kuzika hatujambo. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama ukutani, wakafika mpaka kwenye maegesho. Shangazi Lavena alikata nywele zake mpaka masikioni kwa maombolezo. Sufuria za Kaku ziligawiwa zote, na nguo, na blanketi, hata funguo za pikapu, kama inavyotakiwa. Delmar alilia kama mtoto. Namwambia ukweli hapa hewani, maana najua ananisikiliza: Delmar, ulilia kuliko wote, na sikuona unafiki.

Na majuma machache baadaye, mkutano ukaitwa. Watu wakaja kwa wingi. Hakuna aliyetoka. Kura ikapigwa, gari likapita, mikono yote juu. Ndiyo, wasikilizaji. Lile lile gari.

Siku ya kulizindua lilikuwa limefunikwa na blanketi jipya, pale mbele ya ukumbi. Wazee wa figo walipangwa mstari wa mbele. Lavena na nywele zake fupi. Otis na fimbo yake. Delmar akatoa hotuba. Akasema huyu mama hatasahaulika. Akavuta blanketi.

Gari jeupe. Zuri, jipya, lina ngazi ya umeme. Na ubavuni, kwa herufi nyekundu za urefu wa mkono, jina la Kaku. Jina lake kamili. Upande huu na upande wa pili.

Vijana wakapiga makofi. Halafu makofi yakafa yenyewe, maana walioko mbele hawakupiga. Otis alikuwa anaangalia viatu vyake. Shangazi Lavena alijifunika uso kwa shali, akageuka, akaondoka kwa miguu.

Delmar akamkimbilia. "Shangazi! Shangazi, ni heshima hii! Mjini shule zote zina majina ya watu!"

Lavena alisimama. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Unalitaka jina lake leo?" akamwambia. "Alipokuwa anakuja nalo mwenyewe ukumbini, ulimwambia asubiri."

Jumamosi gari likawafuata wagonjwa majumbani. Dereva ni Rudell, shemeji yangu, Mkiowa, kabila la majirani zetu, aliyemwoa dada yangu. Ndiyo, tumempa Mkiowa usukani, na hilo ni kosa lingine, tutalijadili siku nyingine. Rudell akapiga honi kwa Lavena. Lavena akatoka, akaliona jina, akarudi ndani. Rudell akaenda kwa Otis. Otis akamwambia kupitia dirishani, "Shemeji, siwezi kupanda mgongoni mwa marehemu." Wagonjwa wote wa Jumamosi ni ndugu wa damu wa Kaku; Jumanne na Alhamisi wapwa huwapeleka kwa magari yao, Jumamosi wapwa wako kazini. Gari likaenda mjini tupu, likarudi tupu.

Fikirini hapo, wasikilizaji wapendwa. Gari aliloliomba mpaka akafa, tumelipata. Na tumeliandika kitu kimoja tu duniani ambacho kingewazuia watu wake wasilipande.

Na msiniambie hatukujua. Kamati nzima ya jumuiya ni Wakomanchi. Desturi tunaijua. Nilimuuliza Delmar. Akasema, "Royce, nilidhani imeshakwisha. Nilitaka asisahaulike."

Nikamwambia, "Delmar, nani alikuambia tumemsahau? Tatizo, tulikuwa tunamkumbuka akipika tu."

Akasema atayaondoa maandishi, lakini jina lilikuwemo kwenye hoja ya gari tuliyoipigia kura bila kuisoma, kwa hiyo litaondolewa kwa kura. Mwaka juzi nusura afukuzwe uenyekiti kwa kufanya jambo bila kura, na sasa anaogopa hata kubadilisha balbu. Sawa. Mkutano ukaitwa. Chakula hakikuwepo, maana mpishi hayupo. Walikuja watu ishirini na moja. Akidi hakuna.

Rudell akabandika maboksi juu ya jina. Kamati ikasema ni kuharibu mali ya jumuiya, ikayabandua. Akajaribu gazeti. Wakalibandua.

Halafu mvua ikanyesha. Mnaijua ardhi yetu ikilowa, tope jekundu linalong'ang'ania kama mkwe. Rudell alipita barabara ya kijito kwa kasi isiyo ya lazima. Alipofika kwa Lavena gari lilikuwa jekundu kuanzia magurudumu mpaka madirishani. Herufi haionekani hata moja. Lavena akatoka. Akalizunguka gari, upande huu, upande ule. Akapanda. Otis naye akapanda. Wote wakapanda, wakaenda kwenye mashine.

Delmar akampigia Rudell. "Gari mbona chafu hivyo?"

"Tope, mwenyekiti."

"Lioshe. Gari la jumuiya linatakiwa liwe safi."

"Umenikataza maboksi, umenikataza gazeti. Tope nalo ni uharibifu? Tope ni hali ya hewa."

"Rudell, nitakuandikia onyo."

"Andika. Mimi Mkiowa niliyeoa Wakomanchi, nimeishi na maonyo miaka ishirini."

Basi wakaenda hivyo. Ijumaa kamati inaliosha gari, sabuni na maji, linang'aa. Jumamosi Rudell analipitisha kijitoni. Tulicheka sana hapa Elm Bend. Mimi mwenyewe nilitangaza hali ya hewa hapa redioni, nikasema kuna uwezekano wa wagonjwa kupanda gari.

Sasa sicheki. Mvua imekatika tangu Juni. Kijito kimekauka, barabara ni vumbi tu. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Lavena hakwenda kliniki. Wiki iliyofuata alikuwa kavimba miguu mpaka viatu havikuingia. Nilikwenda kumwona. Nikamwambia, Shangazi, kwa nini usipande tu, ufumbe macho? Dada yako angekuwa hai angekutukana kwa kukosa mashine.

"Angenitukana," akasema. "Lakini angekuwa hai, nisingekuwa namwita arudi. Alisubiri sana hapa, Royce. Huko aliko, aende bila kuitwa."

Nikaaga, nikaondoka. Mimi ninayelipwa kwa kuongea.

Jumamosi iliyopita nilikwenda asubuhi kuona watafanyaje. Nikamkuta Rudell kasimamisha gari mbele ya nyumba ya Lavena, safi kabisa, jina linang'aa juani. Lavena alikuwa nje tayari, na ndoo ya maji. Kaimwaga kwenye udongo mwekundu pembeni ya barabara, kapiga magoti na ile miguu yake iliyovimba, anakanda. Otis alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kwake, anaegemea fimbo kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine anachota. Walianza upande wa kulia. Herufi ya kwanza, herufi ya pili. Walipaka taratibu, kwa viganja, wameangalia pembeni wasisome. Rudell alitaka kusaidia. Lavena akamwambia, "Wewe kaa kwenye usukani, shemeji. Hii ni kazi ya ndugu."

Walipomaliza pande zote mbili ndipo wakapanda. Walichelewa mashine. Watachelewa tena Jumamosi ijayo, na inayofuata.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Shangazi Lavena, kwa Otis, kwa wapwa, na kwa wote waliomwita Kaku. Poleni sana. Alitulisha, na tulishiba, na tuliposhiba tulitoka nje. Naomba kila mmoja wetu akae na neno hilo leo, bila kulikwepa kwa utani. Mimi mwenyewe nimeishiwa.

Na mkutano umeitwa tena. Jumapili, saa nane mchana, ukumbini. Ajenda ni moja, maandishi kwenye gari. Wanatakiwa watu hamsini.

Ile Jumamosi nilipanda nao mpaka kliniki, kwa hiyo hili nililiona. Nesi mmoja mgeni, binti mdogo, alimpokea Shangazi Lavena mlangoni. Akaona mikono yake myekundu mpaka viwikoni, na magoti yamejaa tope. Akashtuka, akamshika bega.

"Pole, mama! Umeangukia wapi?"

"Sijaanguka, mwanangu," Lavena akamwambia. "Nilikuwa namfunika dada yangu."